Kikoba chetu kina laki tisa za kumsaidia binti anayekwenda chuo: ziende wapi?

MwekaHazina_Newala:

Shikamooni wakubwa, wadogo hamjambo.

Mimi nakaanga vitumbua stendi ya Newala, na ndiye mweka hazina wa kikoba chetu cha wanawake 18. Mwaka huu tulipovunja kikoba kila mmoja aliachia elfu hamsini, jumla 900,000, tukasema hizi ni za binti wa mwenzetu. Mama yake anauza ndizi, baba alishafariki. Mikorosho wanayo michache, na nusu yake baba mdogo anasema ni ya ukoo. Kaya yao iko TASAF, ule mpango wa serikali wa kusaidia kaya maskini. Binti kamaliza kidato cha sita, CBG (kemia, biolojia na jiografia), matokeo ya Julai yametoka na daraja la pili pointi 10. Ameomba Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) na vyuo vingine viwili, ualimu wa sayansi na uuguzi. Kwenye ukoo wao hakuna aliyevuka kidato cha nne. Kwenye kikoba chetu pia hakuna, tusidanganyane. Mimi mwenyewe niliishia la saba.

Sasa tabu imeanza kwenye matumizi. Mwenyekiti anataka tukanunue laptopu mpya Mtwara mjini. Wengine wanataka godoro, begi la magurudumu, vitenge, na sherehe ya kumuaga yenye ngoma ili watu wapate kutunza. Kungwi wake anataka wiki nzima ya mafundisho kabla binti hajatoka. Katibu anasema tulipe ada basi, tumalize. Mimi nikasema pesa zikae kwangu kwanza tuulize waliopita njia hiyo. Wameniangalia kama nataka kuzila.

Jambo la pili. Mama mtu anaogopa mkopo wa serikali. Mumewe alikufa na deni la salfa, dawa ya mikorosho, wakaja kulidai matanga hayajaisha. Hataki binti yake aanze maisha na deni. Na baba mdogo kaongeza chumvi kwamba ule mkopo una riba, na sisi ni Waislamu.

Dirisha la kuomba mkopo liko wazi. Naomba mnaojua mniambie pesa hii iende wapi, na huyu mama nimwambie nini. Msiniambie "mama ataongezea kidogo". Huku korosho zinaingia mnadani kuanzia Oktoba, na mnada ukifanyika leo haina maana pesa iko benki kesho.

---

Dullah_Steshenari:

Nina steshenari karibu na geti la chuo, laptopu za mwaka wa kwanza nazijua. Mpya msinunue. Chukueni ya mtumba iliyopimwa betri, mtu mwenye ujuzi aishike kabla hamjalipa. Tena si sasa hivi. Wiki za mwanzo kazi nyingi wanaandika kwenye simu, wanakuja kwangu kuchapisha. Wengine wanafika na laptopu mpya ya milioni na hawana mia tano ya kutolea karatasi moja.

---

Mkinga_wa_Moro:

Shikamoo dada. Nimesoma ulichoandika nikaacha kufunga hesabu za mwezi.

Natoka Makete, nimelelewa na bibi, na ndiye wa kwanza kwetu kulala hosteli ya chuo. Wasichana wa kijijini kwetu waliokuwa wanapanda basi la kwenda mjini walikuwa wanakwenda kulea watoto wa watu Dar. Hata mimi siku ile kondakta aliniuliza nakwenda kwa bosi gani. Leo ni mhasibu wa halmashauri, kwa hiyo nivumilie nikianza na hesabu.

Ada msilipe. Katibu wenu ana nia njema, ila ada ndiyo sehemu ambayo serikali imeiwekea mlango. Binti yatima wa baba, kaya ya TASAF, ualimu wa sayansi: Bodi ya Mikopo ikimwona sawasawa kwenye makaratasi, ada yake au sehemu kubwa ya ada inalipwa moja kwa moja chuoni, yeye hata haishiki. Mkiimwaga laki tisa yenu huko mtakuwa mmelipa kilichokuwa kinakuja kulipwa, na binti atakaa na risiti mkononi huku tumbo linaunguruma.

Njaa iko kati ya siku anayoshuka kwenye basi na siku bumu linapoingia. Bumu ni pesa ya chakula na malazi, 10,000 kwa siku tangu mwaka wa masomo 2022/23, kabla ya hapo ilikuwa 8,500, na inatoka kwa mkupuo wa miezi kama miwili. Kwenye karatasi ni pesa ya kutosha. Lakini mkupuo wa kwanza hautangulii chuo kufunguliwa. Unafika, unatakiwa usajiliwe, na usajili una vitu vyake: bima ya afya 50,400, kitambulisho, mchango wa serikali ya wanafunzi, hosteli. Usiposajiliwa husaini, usiposaini hupati. Yaani unadaiwa pesa ili upewe pesa. Na waliopangiwa mkopo kwenye awamu za mwisho wanasubiri zaidi. Mtoto wa mwalimu anapiga simu nyumbani, jioni ameshatumiwa. Mimi wa kupigiwa alikuwa bibi, na pesa ya bibi ilikuwa ya ulanzi, na ulanzi ni wa masika. Oktoba mianzi imekauka. Kwenu nyie korosho ndiyo kwanza zinapimwa ghalani.

Kwa hiyo mimi ningezigawa hivi. 80,000 zitoke leo, za kuombea mkopo: ada ya maombi ni 30,000, kuna uhakiki wa vyeti RITA, wakala wa serikali wa vizazi na vifo, kuna mhuri wa wakili, kuna kafe ya intaneti na nauli za kwenda na kurudi. Laki moja ya safari mpaka Dodoma na chakula njiani, kama atapata huko. Laki na nusu ya usajili, hiyo msimpe mkononi wala msikae nayo mpaka mwisho, akipata namba ya malipo anakutumia wewe, unalipa kwa simu. Halafu chakula, 40,000 kila wiki kwa wiki sita, unatuma kila Jumatatu, usitume zote. Hapo imekwenda 570,000. Zinabaki 330,000, na hizo naomba zikae zimelala. Msitafute cha kununua. Ndani ya mkopo kuna 200,000 kwa mwaka ya vitabu na viandikio, ikitoka mnaweza kuongezea mkampata laptopu ya mtumba kama ya Dullah. Au zikae tu, maana mwaka wa kwanza haukosi jambo.

Sherehe fanyeni, mbona. Kila mmoja aje na mchele wake.

Sasa kuna ambayo pesa haiyafikii. Mimi sikujua kwamba hosteli inaombwa mtandaoni na ina tarehe ya mwisho. Nilidhani ni bweni, unafika na tranka, matroni anakuonyesha kitanda. Nikabebwa na dada wa mwaka wa pili, wawili kwenye kitanda cha mtu mmoja, wakipita kukagua usiku naingia chooni na shuka langu. Mwambie binti, siku ile ile chuo kikimkubali aulize hosteli, na aulize pia kama ina godoro kabla hamjabeba godoro kutoka Newala.

Mhadhiri naye alisema wiki ya kwanza, asiyeelewa aje ofisini. Sekondari niliyosoma, kuitwa ofisini ni fimbo. Nani angenituma kichwa changu huko? Wenzangu ambao baba zao wamesoma walikuwa wanaingia na kutoka, wanauliza, wanacheka na mwalimu. Mimi nikawaona wana kiherehere. Nikaja kupata sapu mbili, yaani mitihani ya kurudia. Na sapu inafanywa wakati wa likizo ndefu, na likizo haina bumu. Unajilisha, unajilaza, unafanya mtihani. Kuna wasichana walidisko pale, yaani waliondolewa chuo, si kwa sababu ya akili. Hawakuwa na nauli ya kurudi kufanya sapu. Hizo 330,000 zilizolala, moja ya kazi zake ni hiyo.

Na la mwisho ndilo kubwa kwangu, linamhusu mama yake. Bumu la kwanza lilipoingia, kijiji kizima kilijua serikali inanilipa. Mjomba akaomba mbolea ya viazi. Mdogo wangu alikuwa hana sare. Bibi hakuniomba hata shilingi, na huyo ndiye aliyeniumiza zaidi, maana nilikuwa najua amelalia nini. Nikatuma zaidi ya nusu. Halafu nikawa nakula mlo mmoja, ugali wa saa tisa alasiri, nimepiga hesabu kwamba ukila saa hiyo mchana umeshapita na usiku unaweza kulala. Siku hizi nikiona binti wa mwaka wa kwanza anakula saa tisa peke yake, namjua.

Binti wenu atafanya hivyo hivyo, kwa sababu amelelewa vizuri. Hamtamzuia kwa maneno. Mtakachoweza ni kumtuliza mama. Kikoba chenu kinakopesha, si ndiyo? Mkopesheni mama mtaji wa ndizi bila faida, mduara huu mmoja tu, alipe kidogo kidogo. Mama akiwa na chakula, bumu la binti litabaki kwenye sahani ya binti. Na kaeni naye kabla binti hajaondoka, mumweleze kwamba bumu si mshahara, ni ugali wa siku 60.

Halafu achaguliwe mtu mmoja wa kupigiwa simu. Nadhani ni wewe. Msimwingize kwenye grupu la WhatsApp la kikoba. Mtoto akiomba pesa ya pedi mbele ya mama zake 18, mara ya pili haombi.

---

Babu_wa_Kaliua:

Nawapongeza akina mama. Lakini kila kona ni msichana, msichana. Huku kwetu vijana wa kiume wanaacha chuo kwa kukosa hela wanakuja kuendesha bodaboda, hamuwaoni. La pili, binti wa miaka 19 umtumie pesa kwenye simu kila Jumatatu, Dodoma mjini? Mtaona nywele za bandia na kucha. Wanunulieni kitu kinachoshikika. Tulisomeshwa bila mambo ya wiki kwa wiki.

---

Mkinga_wa_Moro:

Shikamoo babu. Wavulana maskini nimesoma nao, nimekula nao sahani moja, siwapunguzii. Kikoba cha wanaume Kaliua kikikaa kikachangia mmoja wao nitakuja kuwapigia hesabu bure.

Ila tofauti ipo. Mvulana akikosa kitanda analala msikitini, analala kwenye viti vya darasani, anakaa getoni kwa wenzake wanne. Msichana akikosa kitanda, atatokea mtu wa kumpa, na kitanda hicho kina bei. Tulikuwa na mwenzetu, sisi tunabebwa yeye hakupata wa kumbeba. Akapata kaka mwenye gari, mkarimu kweli kweli, anamlipia chumba nje ya chuo, anamlipia karatasi za kuchapisha, anamletea mpaka dawa za malaria. Mwaka wa pili akawa mjamzito na chumba hakikulipwa tena. Hakuna aliyemlaumu yule kaka. Yeye ndiye aliyeitwa mhuni. Bei ya chumba kile kwa mwezi ilikuwa ndogo kuliko begi la magurudumu.

Kuhusu nywele, babu, hata mimi nilisuka. Elfu tano. Ukiwa darasani na watoto wa Masaki na Oysterbay unataka nawe ukae kiti cha mbele bila watu kukugeukia. Asipewe elfu tano ya kusuka, halafu tushangae anaitafuta kwingine?

Na kwa kuwa limekuja, dada Mweka Hazina, ongea naye na hili waziwazi, usimwachie kungwi peke yake. Mtu yeyote mwenye cheo akimwambia atampa alama, chumba au nafasi kwa ngono, hiyo ni rushwa ya ngono, ipo kwenye kifungu cha 25 cha sheria ya TAKUKURU, taasisi ya kuzuia rushwa, ya 2007, na simu ya TAKUKURU ni 113, haina malipo. Chuoni kuna dawati la jinsia. Aulize liko jengo gani wiki ya kwanza, kabla hana shida nalo. Sisi tulikuwa tunadhani ukishika hizo alama na kosa ni lako.

---

Dawati_la_Mikopo:

Nimekaa miaka dawati la mikopo la chuo kimoja, sasa nafanya kazi nyingine. Mkinga amemaliza upande wa tumbo, mimi nitaongea makaratasi, maana wasichana wa aina ya huyu wengi hawakosi mkopo kwa kuwa na uwezo. Wanakosa, au wanapewa kidogo, kwa sababu umaskini wao haukuingia kwenye fomu.

Majina kwanza. Cheti cha kuzaliwa, cheti cha kidato cha nne na kitambulisho vilingane. Kama cha kuzaliwa kina jina la babu na cha shule kina jina la baba, apate hati ya kiapo kwa wakili sasa hivi, asingoje. Cheti cha kifo cha baba lazima kihakikiwe RITA. Nimeona yatima halisi, kaburi la baba lipo nyuma ya nyumba, lakini kwenye mfumo anaonekana ana wazazi wawili kwa sababu familia haikuwahi kuchukua cheti cha kifo. Kwa mfumo huyo baba yuko hai na ana kipato.

TASAF: ajaze namba ya kaya, asiandike tu kwamba "tuko TASAF". Mtendaji wa kijiji anaijua.

Simu na barua pepe ziwe zake mwenyewe. Vijana wa kafe wanapenda kuweka za kwao ili kazi iende haraka, halafu Oktoba ujumbe unaingia kwenye simu ya mtu aliyeko Masasi.

Akipangiwa kidogo asikae kimya, kuna dirisha la rufaa. Watoto wa mjini wanakata rufaa bila hata sababu. Wa vijijini wanaona wakilalamika watanyang'anywa na hicho kidogo. Hawanyang'anywi.

Sasa mama. Usimfiche, ni deni na litarudishwa. Lakini halifanani na la salfa. Hakuna shamba linalowekwa rehani, hakuna atakayekuja kuhesabu mikorosho. Binti akiajiriwa anakatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi mpaka liishe. Na ile asilimia 6 kwa mwaka, iliyokuwa inaongezwa kwa jina la kulinda thamani ya mkopo, ambayo nadhani ndiyo baba mdogo anaisema, ilifutwa mwaka 2021. Wapo waliokopa mwanzo wakaona deni linakua kuliko wanavyolipa, kwa hiyo baba mdogo hakuota. Habari aliyonayo ndiyo ya zamani. Suala la dini mkamuulize shehe mkiwa na hiyo habari mpya mkononi.

Na ulizeni halmashauri kama CAMFED, shirika linalosomesha mabinti, wanafanya kazi wilayani kwenu. Mabinti waliosomeshwa nao wana umoja wao, wanasaidiana hata baada ya shule. Kama hawapo kwenu, basi.

---

MamaChama_Kilifi:

Hamjambo ndugu zangu wa upande wa pili. Huku Kenya tumechanganyiwa habari tangu ule mfumo wa 2023, mwanafunzi anawekwa kwenye daraja kulingana na umaskini wake, na kuna mabinti wa hapa kwetu waliowekwa na watoto wa wenye maduka. Kwa hiyo huyo wa dawati asemayo kuhusu fomu, yashikeni.

Mie naongeza moja. Chama chetu kilimsomesha msichana, na pesa tuliyoitumia vizuri kushinda zote ni nauli ya mamake. Tulimpeleka akaone chuo. Akaona kitanda cha mwanawe, akaona maktaba, akala pale kantini, akasalimiana na mwalimu mmoja wa kike mwenye buibui kama yeye. Kabla ya hapo kila Disemba ilikuwa posa, wazee wanakuja na mama anainama. Aliporudi yeye ndiye akawa anawajibu. Sisi tukakaa kando tukanywa chai.

---

MwekaHazina_Newala:

Ahsanteni sana. Nimechelewa kujibu kwa sababu niliwasomea wenzangu kikaoni, yote, hata ya Babu. Ya Babu walicheka.

Tumekubaliana hivi. Pesa zigawanywe kama alivyosema Mkinga, zikae kwangu, na katibu awe na daftari la pili ili nisije nikasemwa. Mwenyekiti kanuna kuhusu laptopu lakini atapoa, tumemwambia ya mtumba itanunuliwa na yeye ndiye atakayeikabidhi. Sherehe ipo, mchele kila mtu na wake. Kungwi ndiye aliyetushangaza. Alisikiliza yale ya chumba na ya 113, akanyamaza, halafu akasema wiki nzima haina haja, atamfundisha siku moja, na safari hii yeye ndiye atakayeuliza maswali maana kuna mengine hajui.

Mama tulikwenda wanne. Hizo asilimia alizisikiliza tu. Lililomfungua ni kwamba hakuna atakayekuja kwenye mikorosho. Alirudia kuuliza, hata akikosa kazi? Nikamwambia hata akikosa kazi mikorosho ni yako, ugombane tu na shemeji yako. Laki moja ya ndizi tumempa bila faida, analipa baada ya mnada. Nauli ya kwenda kuona chuo tumeshindwa kuipata, tumesema tutaiangalia mwakani.

Makaratasi sasa. Majina kweli hayalingani, hivyo hivyo kama ulivyosema, babu huku baba kule. Kesho tunakwenda kwa wakili. Cheti cha kifo kipo, kilikuwa kwenye sanduku la baba mdogo, na kukitoa ilibidi twende na balozi wa nyumba kumi. Nina maswali mawili. Mdhamini tunataka awe mama mwenyewe, lakini ana kadi ya mpiga kura tu, ya NIDA, yaani kitambulisho cha taifa, ana namba, kadi haijatoka. Atafaa? Na fomu baada ya kusainiwa inapelekwa wapi, posta?

---

Dawati_la_Mikopo:

Mama anafaa. Kadi ya mpiga kura inakubalika kwa mdhamini, ila someni mwongozo wa mwaka huu kabla hamjalipa wakili, ili mhuri ugongwe mara moja.

Posta hapana. Binti anajaza mtandaoni, anachapa, zinawekwa sahihi: yake, ya mdhamini, ya serikali ya kijiji, ya wakili au hakimu. Kisha kurasa zilizosainiwa zinaskaniwa na kupakiwa tena kwenye akaunti yake. Kurasa zote zenye sahihi, mama. Wengi wanapakia mmoja na kwenda nyumbani. Na asiondoke kafe mpaka amefungua mwenyewe akaona zinasomeka, si picha ya simu yenye kivuli cha kidole.

---

Mkinga_wa_Moro:

Dada, akipata chuo niandikie hapa ni kipi. Nina watu Dodoma, na Morogoro nipo mwenyewe. Wa kumpokea stendi atapatikana, mwanamke, na jina lake nitakupa wewe kwanza umpigie umsikie.

---

Dullah_Steshenari:

Na karatasi mwaka wa kwanza aje kuchapisha kwangu kama atapangiwa huku. Za kazi za darasa tu, si za tenzi za mapenzi.